Mume Wangu, Msimamisha Msiba

Niseme mapema ili mtu asije akadai nimeficha: mimi ni mwanamke wa huku huku. Mama yangu ni Mmakonde wa kijiji kimoja njiani kuelekea Kilambo, mama yake pia, nami nimezaliwa humo humo kwenye mikorosho. Mume wangu ni mtu wa bara, wa Kondoa. Alihamishiwa Mtwara kikazi, akaja kushonesha suruali kibandani kwangu mtaa wa Chuno, na ile suruali ikawa haiishi kurekebishwa mpaka tukaoana. Muislamu mwenzetu, mpole, hana maneno. Ukoo wetu ulimpokea kwa kumcheka kidogo, kama tunavyowacheka watu wa bara wote, ila kasoro yake moja waliiona mapema, na mimi niliiona kabla yao. Mume wangu anasimama kwenye taa.

Hamjanielewa. Kila mtu husimama kwenye taa, akipenda. Yeye alisimama hata asipopenda. Mji wetu hauna taa nyingi za kuongozea magari, na hizo zilizopo zina siku zake. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, pua na mdomo na sisi, lakini umeme ukiamua kuondoka unaondoka bila hata kuaga. Taa zikizimika watu hupita kwa kukaziana macho: mwenye gari kubwa kwanza, mwenye honi kubwa anafuata, na bodaboda hana zamu maana hasimami. Hata hapo mume wangu alisimama. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akampisha aliyefika kabla yake, nyuma yetu honi zinalia kama harusi. Bodaboda walitupita pande zote mbili wakigeuza shingo. "Mzee, unasubiri taa ikuage?"

Nami sikuwa na subira. "Baba watoto, twende bwana, hakuna gari."

"Taa haikuniuliza kama kuna gari," ananijibu bila kunitazama.

Ala! Na mishale iliyochorwa barabarani pale makutano, huu wa kwenda moja kwa moja, huu wa kukata kulia, ambayo wenzetu wanaiona mapambo, yeye aliifuata kama sharti la mganga. Akishakaa kwenye mshale wa kulia kwa kukosea, basi atakata kulia, tutazunguka mtaa mzima, turudi tena pale pale. Nilimwambia siku moja kwamba angezaliwa Mtwara angekuwa ameshajifunza kuishi. Alicheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka.

Sasa, kwetu kuna jambo moja lisilo na mjadala: msiba hausimami. Gari lenye jeneza hufungwa matawi mabichi mbele, taa kubwa zinawashwa mchana kweupe, taa za hazadi zinapepesa, na magari yote ya msafara yanafuatana yamekaribiana mpaka huwezi kupitisha hata kuku katikati. Ukiona hivyo unapisha. Lori linapisha, bajaji inapisha, askari akiwepo anawazuia wengine. Hakuna aliyetuandikia hilo mahali, tumelikuta. Masheikh wanatufundisha maiti aharakishwe kaburini, na sisi tumeongeza letu, kwamba kuharakishwa huko kunaanzia kwenye taa nyekundu. Mbele ikipita, mkia nao umepita, kama uzi nyuma ya sindano. Mimi mwenyewe nimepita taa nyekundu nyuma ya majeneza tangu niko mgongoni kwa mama, na sijawahi kuona mtu akisimama.

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alifia hospitali ya mjini asubuhi moja baada ya kuugua muda mrefu. Mjomba wangu, kaka yao wa pekee, akaamua azikwe kijijini alasiri hiyo hiyo. Na mjomba akiamua, imeamuliwa. Kwa sisi Wamakonde mtoto ni wa mjomba. Baba anakulisha, sawa, lakini mjomba ndiye anayekuoza, ndiye anayekusemea, na ukifa ndiye anayesema uzikwe wapi. Wangu ni mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ana pikapu yake ya kubebea korosho, na ile pikapu ameipenda kuliko alivyowahi kumpenda mke yeyote. Nilimwogopa nikiwa mtoto na namwogopa mpaka leo. Nampenda pia. Yote mawili yapo, hayagombani.

Tulitoka hospitali hivi: mbele gari la jeneza, nyuma yake Hiace ya wanaume, kisha sisi. Gari letu ni dogo, mimi na mume wangu tumekaa mbele, kiti cha nyuma kimejaa masufuria ya kuazima, mikeka na gunia la mchele wa matanga. Nyuma yetu pikapu ya mjomba, mwenyewe kwenye usukani, na bodi imejaa wanawake wa ukoo wamekaa chini, khanga vichwani, wanalia. Mama yangu alikataa kukaa. Alisimama ameshika kile chuma cha nyuma ya kichwa cha gari, akasema anataka kuliona gari linalompeleka dada yake. Hilo mlishike: mama alikuwa amesimama, wengine wote wamekaa.

Siku hiyo, kwa mkosi wetu, umeme ulikuwepo. Mpaka leo najikuta naulaumu umeme. Wiki nzima taa zilikuwa zimekufa, zingebaki hivyo tungepita ovyo ovyo kama watu wote na leo ningekuwa nasimulia mambo mengine. Zilikuwa zinawaka, zote, nzuri kabisa. Jeneza lilipita taa ikiwa ya njano. Hiace ikapita ikiwa imeshageuka nyekundu. Nikaona mguu wa mume wangu unahama kwenda kwenye breki.

Nilifungua mdomo nimwambie apite. Kabla neno halijatoka, lori la mchanga likakata mbele yetu kutoka kushoto, limepewa kijani chake, linakwenda. Matawi yetu mabichi yalikuwa yameshapita, dereva yule angejuaje kuna msiba? Vumbi la mchanga wake liliingia dirishani likanikaa mdomoni. Tulikuwa tumesimama pale pale kwenye mstari mweupe. Tungekuwa tumepita, mimi nisingekuwa na mdomo wa kuingia vumbi.

Halafu kikaja kishindo nyuma, pikapu ya mjomba imetugonga. Masufuria yaliruka, moja likanipiga kisogoni, gari likasukumwa mpaka katikati ya makutano. Nilipotoka nje nilisikia wanawake wanapiga kelele, nikadhani wanamlilia marehemu. Mama alikuwa chini. Alirushwa juu ya kichwa cha pikapu, akateleza ubavuni, akaangukia lami kwa nyonga. Hakulia. Aliniangalia tu, khanga imemtoka kichwani, na mimi kitu cha kwanza nilichofanya ni kumfunika nywele.

Mjomba alifika pale akapiga magoti, akamshika dada yake mkono, machozi yanamtoka. Sitasema uongo, alilia. Kisha akainuka akamgeukia mume wangu, na sauti yake ikasikika mpaka stendi. "Nani anasimama na maiti barabarani? We! Nakuuliza! Nani?"

"Mjomba, kulikuwa na lori," mume wangu alisema.

"Lori gani? Liko wapi?"

Lori lilishakwenda zake, halikujua lolote. Watu walikuwa wameshajaa, na kila aliyefika aliuliza kimetokea nini, akaambiwa, akamwangalia mume wangu juu mpaka chini. Kasimama? Kwenye msafara? Jamani, huyu vipi? Nilipiga kelele mimi, nikasema lori lilikuwepo, nimeliona kwa macho yangu. Mama mmoja muuza samaki akanishika bega kwa upole kabisa. "Mtetee mumeo, mwanangu, ndiyo kazi ya mke," akaniambia. Basi nikajua ushahidi wangu umeshakadiriwa.

Askari wa barabarani alikuja. Aliangalia magari, akasema maneno ambayo ningetaka yaandikwe ukutani: aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa, hapa hakuna cha kujadili. Nikashusha pumzi. Akamvuta mume wangu pembeni, mimi nipo karibu, nikamsikia. "Lakini na wewe mzee. Msiba unasimama?" Alikuwa anatabasamu. Mjomba akamwomba tukazike kwanza, mengine tutayamaliza wenyewe kifamilia, na askari akaona ni jambo jema. Hata sisi tulimshukuru. Habari ya sheria iliishia hapo.

Mimi na mume wangu tulimpeleka mama hospitali, mle mle tulimotoka na marehemu. Msafara uliendelea bila mjomba, maana pikapu ilikuwa inavuja maji na yeye alikuwa anatafuta gari lingine. Kijijini wakasubiri. Hawawezi kumshusha dada wa mtu kaburini kaka mtu hayupo. Wakasubiri mpaka jua likawa linakaribia kuzama, ndipo akafika, ndipo wakazika. Nilipokwenda matangani kesho yake, habari ilikuwa imeshaota miguu na mikono. Mume wangu amesimamisha maiti. Mama mkubwa amekaa juani anamsubiri mtu wa bara na taa yake. Kuna aliyesema aliona jeneza lenyewe limesimama makutano, kitu ambacho hakikutokea, lakini nani wa kumbishia? Lori halikuwemo katika habari hiyo. Lilikuwa limefutika kama halikuwahi kutengenezwa.

Mjini nako hawakumwacha. Bodaboda wa pale makutano wakampa jina: Msimamisha Msiba. Akipita wanaita, "Msimamisha Msiba, leo unamsimamisha nani?" Utani tu, wanasema. Huku kwetu ukikasirikia utani umekosa adabu mara mbili. Yeye aliinua mkono akawapungia, akasimama kwenye taa yake, wakacheka zaidi.

Mama alikuwa amevunjika nyonga. Siku za mwanzo alikuwa wa kulala na kuweweseka. Kisha mchana mmoja, namlisha uji, akausukuma mkono wangu.

"Lile lori," alisema.

Nikaganda na kijiko. "Lori gani, mama?"

"Lililopita mbele yenu. Mimi si nilikuwa nimesimama? Niliona linakuja toka mbali, wala halipunguzi. Nikasema moyoni, mkwe wangu akipita hapa, leo namzika dada na mwanangu." Akafumba macho. "Akasimama. Alhamdulillah, akasimama."

Nililia palepale wodini mpaka muuguzi akaja kuuliza nani kafariki. Nikakimbia nyumbani kumwambia mume wangu. Alikuwa anafua, akaacha povu mikononi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akasema, "Basi kuna mtu ameliona." Siku hiyo alikula chakula akamaliza, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu ajali.

Na tulikuwa tunahitaji mtu aliyeliona, kwa sababu mjomba alishatuma ujumbe. Siku ya arobaini ya mama mkubwa ukoo wote utakuwa umekaa. Siku hiyo mume wangu asimame mbele ya watu, aombe radhi kwa kumsimamisha maiti. Asipoomba, yeye si mkwe wetu tena: hatakanyaga msiba wetu, na sisi hatutakanyaga wake. Na mpwa wangu, alisema mjomba, yaani mimi, arudi nyumbani.

Mtu wa mbali anaweza kuona ni maneno tu. Kwetu mtu anaweza kuishi bila hela, bila nyumba ya bati, hata bila mtoto, watu watamhurumia. Kuishi bila watu wa kukuzika hakuna anayeweza. Mtoto wako akifa nani atachimba? Nani atapika, nani atakaa na wewe kwenye mkeka? Nimeona nyumba iliyotengwa misibani. Walimzika baba yao wao kwa wao, wanashusha mwili huku wanateleza, na majirani wapo vibarazani wanaangalia. Sikutaka hiyo iwe nyumba yangu. Na sikutaka kurudi kwetu bila mume niliyempenda.

Nilimwomba mume wangu aombe radhi, yaishe. Nilimwomba kwa wema, nikamwomba kwa hasira, nikamsusia chakula.

"Kwa mama kuvunjika nitaomba radhi hata kwa kutambaa," alisema. "Kwa kusimama siombi. Nikiomba radhi kwa kusimama, nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba nilitakiwa nikuue."

Tukakubaliana kwamba mama atasema. Mjomba ana dada mmoja tu aliyebaki, neno lake halipiti bure. Mama akisema lori lilikuwepo, habari imekwisha, na hata mjomba atapata mlango wa kutokea bila aibu: hakuliona, alikuwa nyuma, ni bahati mbaya. Nilishaipanga yote kichwani, kama kitambaa kabla hujakikata.

Mama alipotolewa hospitali tulimleta kwetu Chuno, awe karibu na kliniki. Mume wangu ndiye aliyembeba. Nani mwingine? Mimi mgongo wangu wa kukalia cherehani hauwezi. Ukwe kwetu una heshima yake, mkwe hamgusi mama mkwe ovyo, basi alikuwa anajifunga kitambaa mikononi, anageuza uso ukutani, anasema "Samahani, mama," ndipo anambeba mpaka kwenye gari, uso bado umegeuka. Mara mbili alijigonga mlangoni kwa kutoangalia anakokwenda. Mama alikuwa anamwombea dua kila akimshusha. Mungu akupe, baba, Mungu akuzidishie. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Asubuhi ya arobaini nilikuwa namwogesha mama. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Kaka yangu si ndiye atakayeniingiza kaburini?"

"Mama, leo hufi," nikamwambia. "Inua mkono nikusugue."

"Sina mtoto wa kiume mimi."

"Mama, inua mkono."

Akainua. Nikamsugua, nikampaka mafuta, nikamvalisha. Sikusikia alichokuwa ananiambia.

Kijijini uani kwa mjomba ilikuwa imetandikwa mikeka, wanaume upande wao, wanawake upande wetu, mama amewekwa kwenye kiti cha plastiki katikati kwa ajili ya mguu wake. Dua ilisomwa. Ilipokwisha, mjomba akakohoa, na watu wakajua sasa ndiyo yenyewe. Akaeleza. Alieleza vizuri, hakutukana, akasema mkwe wetu ni mtu mwema na kila mtu anakosea. Akamwuliza kama ana la kusema.

Mume wangu aliinuka, kofia mkononi. "Mjomba, wazee wangu. Kwa mama kuumia naomba radhi usiku na mchana. Lakini nilisimama kwa sababu taa ilikuwa nyekundu na kulikuwa na lori. Yupo aliyeliona." Akakaa.

Watu wakaguna. Mjomba akamgeukia mama. Namkumbuka alivyoinamisha sauti, alivyolainika, kwa kuwa anaongea na dada yake. "Dada. Wewe peke yako ulikuwa umesimama. Wanasema kulikuwa na lori. Uliliona?"

Mama aliivuta khanga mpaka usoni. Nilikuwa karibu naye. Nikadhani anajikusanya tu. Nikamtia moyo kwa macho, mimi mjinga.

"Sikuona, kaka," alisema. "Nilikuwa nalia."

Niliruka juu. "Mama! Mama, si uliniambia wodini? Kwa mdomo wako! Uliniambia uliliona toka mbali!"

"Mpwa wangu, kaa chini," mjomba alisema.

"Sikai! Mama, waambie! Waambie ulichoniambia!"

Mama hakunitazama. "Zile dawa za hospitali, mwanangu. Sijui nilikuwa nasema nini."

Kuna wanawake walicheka kidogo, kicheko cha huruma, na hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Mmoja akanivuta gauni nikae. Nilikuwa nimesimama peke yangu mbele ya ukoo wangu mzima, nimeonekana mwongo, nimeonekana mwanamke aliyetaka kumlisha mama yake mgonjwa maneno. Na nilielewa palepale. Mama alikuwa ameshachagua atakayemshusha kaburini, na hakuwa mkwe aliyembeba na uso umegeuka. Simlaumu, nasema simlaumu, halafu namlaumu tena siku hiyo hiyo. Kweli ilikuwa imekaa pale kwenye kiti cha plastiki, imevaa khanga niliyoifua mimi, na haikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Mjomba alikuwa ananiangalia, na uso ulikuwa unabadilika. Angeniambia kitu ambacho hakirudishwi. Mume wangu akainuka kabla yake. Alipita katikati ya mikeka, akafika mbele ya mjomba, akapiga magoti.

"Nilikosa," alisema. "Sikutakiwa kusimama. Mjomba, mama, wazee wangu wote, nisameheni."

Nilitaka kuziba masikio. Moyo wangu ulikufa pale, na sisemi kwa kupamba. Alikuwa amesema neno lile lile alilokataa kulisema, na alilisema ili mimi niache kusimama peke yangu.

Mjomba alimwinua akamkumbatia, na machozi yakamtoka tena, ya kweli, maana hakuna mtu mbaya katika habari hii, ningependa awepo. "Yameisha," akasema, na watu wakaitikia, "Yameisha, yameisha," ikasomwa Fatiha. Pilau likaletwa. Mume wangu alikaa sinia moja na mjomba, wakimsogezea nyama, mwingine anamtania kuwa sasa amekuwa Mmakonde kamili, bado kuchanjwa chale za usoni tu. Alikula. Alicheka pale palipotakiwa kuchekwa.

Kabla jioni haijaingia tuliondoka. Alijifunga kitambaa mikononi, akageuza uso, akasema "Samahani, mama," akambeba mama akamlaza kiti cha nyuma, mguu umenyooshwa juu ya mito. Mikorosho inapita, watu wanatupungia. Nilitaka kumshika mkono nikashindwa, nikabaki nachezea mkanda wa pochi yangu.

Tulipokaribia makutano umeme ulikuwepo. Taa ilikuwa nyekundu, na haikuwa imegeuka sasa hivi, ilikuwa nyekundu tangu tukiwa mbali, mtu yeyote mwenye macho angeiona. Niliangalia mguu wake, kama nilivyouangalia siku zote, nikisubiri uhame.

Haukuhama.

"Mkwe wangu, taa!" mama alipiga kelele toka nyuma, ameshika kiti changu kwa mikono miwili. "Simama, baba! Taa nyekundu hiyo, simama!"

Bajaji iliyokuwa na zamu yake ilifunga breki ikayumba, watu waliomo wakatushikia vichwa. Bodaboda mmoja alitupigia mluzi. Sisi tukapita katikati, mwendo ule ule, tukatokea upande wa pili. Mama alikuwa anahema na kumtaja Mungu. Mume wangu alibadilisha gia.

"Sikuona, mama," alisema, kwa adabu yake ile ile.